Isome Kwanza: Utangulizi wa Taaluma ya Sheria na Teknolojia

Mwaka 2000, Mahakama Kuu ya Tanzania, Divisheni ya Biashara, ilisikiliza shauri kati ya Trust Bank na kampuni ya Le-Marsh Enterprises. Shauri hilo linakumbukwa hadi leo kwa sababu ya jambo lililoonekana dogo: karatasi zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta ya benki. Je, zipokelewe kama ushahidi au zikataliwe? Sheria ya Ushahidi iliyokuwa ikitumika ilitungwa 1967. Ilikuwa na utaratibu maalumu wa vitabu vya benki, yaani leja, daftari za hesabu na vitabu vingine vinavyotumika katika shughuli za kawaida za benki. Kompyuta haikutajwa. Waliotunga sheria ile waliijua benki ya karani, kalamu na wino.

Jaji Nsekela aliamua kwamba vitabu vya benki vinaweza kujumuisha pia kumbukumbu zinazotunzwa kwenye kompyuta, kwa kuwa mahakama haiwezi kuyafumbia macho mabadiliko ya namna benki zinavyofanya kazi. Ukiurudia ule utaratibu wa 1967 na kuusoma kwa utulivu, unaona kwa nini uamuzi huo uliwezekana. Sheria ilitaka kitabu kiwe cha kawaida cha benki, kiwe kimeandikwa katika mwenendo wa kila siku wa kazi, kiwe chini ya ulinzi wa benki, na nakala inayoletwa mahakamani iwe imelinganishwa na kumbukumbu yenyewe. Sababu zake ni nyepesi kueleweka. Benki haiwezi kubeba leja zake kwenda mahakamani kila wiki, na maandishi yaliyofanywa kabla ya ugomvi kuzuka hayana haja kubwa ya kudanganya. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayotegemea wino. Bunge lilifuata baadaye: 2007 likairekebisha Sheria ya Ushahidi ili iutambue ushahidi wa kielektroniki, na 2015 likatunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki.

Nimeanza na shauri hili kwa sababu kila ninapoingia darasani, na kila ninaposikiliza watu wakijadili habari za teknolojia, kuna kauli moja inayotangulia zote: sheria zetu zimepitwa na wakati. Wakati mwingine kauli hiyo ni kweli. Mara nyingi zaidi, anayeitamka hajaisoma sheria anayoizika. Kitabu hiki kinakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: isome kwanza. Soma kifungu, uliza kiliwekwa kwa ajili gani, kisha uamue kama sababu ile bado ipo katika chombo kipya kilicho mbele yako.

Uwanja wenyewe

Taaluma ya sheria na teknolojia huchunguza kinachotokea pale chombo kipya au ugunduzi mpya unapogusa haki, wajibu na mali za watu. Ndani yake mna fedha za kwenye simu, vitambulisho vya kidijitali, vinasaba vinavyopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kamera zinazotambua nyuso, hatimiliki za dawa, na sasa akili mnemba. Ni uwanja mpana, na hakuna mtu mmoja anayeumudu wote. Mwanasheria anamhitaji mhandisi amweleze mtambo, mhandisi anamhitaji mwanasayansi amweleze ushahidi, na wote watatu wanamhitaji mwananchi awaambie mtambo ule umemfanyia nini.

Kwa hiyo ukaribisho huu si wa wanasheria peke yao. Ni wa mwandishi wa habari aliyepewa saa mbili kueleza hukumu ya kurasa mia moja, wa fundi simu wa Kariakoo anayeulizwa na wateja kama ni halali kufungua simu ya marehemu, wa mwalimu ambaye wanafunzi wake wanabishana kuhusu chanjo, na wa yeyote anayependa mjadala wa kijiweni lakini angependa uishe watu wakijua zaidi ya walivyojua mwanzo.

Wala usidhani uwanja huu ulizaliwa na intaneti. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Marekani, Samuel Warren na Louis Brandeis, walichapisha katika jarida la sheria la Harvard makala kuhusu haki ya faragha. Kilichowasukuma ni teknolojia ya siku zao: kamera za kupiga picha papo hapo, na magazeti yaliyokuwa tayari kuchapa maisha ya ndani ya watu. Mwaka 1916 mahakama ya juu ya jimbo la New York iliamua kesi ya MacPherson dhidi ya kampuni ya magari ya Buick. Gurudumu la mbao lilivunjika, mwenye gari akaumia. Buick ilijitetea kwamba haikulitengeneza gurudumu lile, iliagiza kwa mwingine, na kwamba mteja alilinunua gari kwa muuzaji wa rejareja, hivyo hapakuwa na mkataba kati yake na kampuni. Jaji Cardozo aliikataa hoja hiyo. Aliyeunda chombo kinachoweza kuhatarisha maisha, huku akijua kitatumiwa na mtu asiyemwona, ana wajibu wa kukikagua. Swali hilo linarudi leo kwa nguvu zilezile pale kampuni inapouza programu iliyojengwa juu ya programu ya kampuni nyingine.

Maswali matatu

Baada ya miaka ya kufundisha nimeona kwamba karibu kila mjadala mbaya wa habari hizi huharibika mahali pamoja: watu huchanganya maswali matatu tofauti, kila mmoja akajibu lake akidhani anamjibu mwenzake. Swali la kwanza: chombo hiki hufanyaje kazi? La pili: tunajuaje kwamba madai yanayotolewa juu yake ni kweli? La tatu: madhara yakitokea, hasara ni ya nani? La kwanza ni la ufundi, la pili la sayansi, la tatu la sheria.

Chukua jambo ambalo kila mmoja wetu ameliona, skrinishoti ya WhatsApp. Mpangaji anadai mwenye nyumba alimwandikia kwamba amemsamehe kodi ya miezi miwili. Anaonyesha picha ya ujumbe, juu yake limeandikwa jina la mwenye nyumba. Waliopo wanagawanyika papo hapo, wengine wakisema ushahidi huo hapo, wengine wakisema picha za simu hazina nguvu mahakamani. Pande zote mbili zimeruka swali la kwanza. Jina linaloonekana juu ya mazungumzo hayo ni lile ambalo mwenye simu mwenyewe aliliandika alipohifadhi namba. Naweza kuihifadhi namba ya binamu yangu kwa jina la mwenye nyumba wangu, nikamwomba aniandikie lolote ninalotaka, nikapiga picha. Picha haitakuwa imeguswa na mtu, na bado itakuwa inasema uongo.

Sasa fungua Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, kifungu cha 18. Haisemi kwamba ujumbe wa kielektroniki ukubaliwe moja kwa moja, wala haiukatai kwa kuwa ni wa kielektroniki. Inaielekeza mahakama ipime ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, na jinsi mtumaji wake alivyotambuliwa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayotufikisha kwenye namba yenyewe, kwenye simu ya upande wa pili, na kwenye usajili wa laini. Anayejua jinsi jina linavyoingia kwenye simu ataielewa sheria hii kwa wepesi. Asiyejua ataiona kama urasimu tu.

Swali la pili linahitaji hesabu kidogo, na nakusihi usiikimbie. Tuchukulie kwamba kwenye kivuko kinachopitisha abiria 50,000 kwa siku imefungwa kamera ya kutambua nyuso, ili kuwanasa watoro 10 wanaotafutwa. Muuzaji anasema mtambo wake ni sahihi kwa asilimia 99.9. Tumkubalie, na tukubali pia kwamba watoro wote 10 watanaswa. Asiye mtoro anakosewa mara moja tu katika kila watu 1,000. Kati ya abiria 50,000, hao ni karibu watu 50. Jioni polisi watakuwa wamepata miito 60, na 50 kati yake ni ya watu wasio na hatia. Mtambo wenye usahihi wa asilimia 99.9 umekosea katika watu watano kwa kila sita uliowaonyesha. Muuzaji hakudanganya. Tarakimu yake ilijibu swali jingine, wala si lile ambalo askari anayemshika abiria mkono anapaswa kujiuliza.

Mahakama nazo zimelazimika kujifunza kuuliza hivyo. Mwaka 1993, katika kesi ya Daubert, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza mgogoro juu ya dawa ya kichefuchefu cha wajawazito, ambayo wazazi walidai ilisababisha watoto kuzaliwa na kasoro za viungo. Mahakama iliwaelekeza majaji wa shirikisho wasimpokee mtaalamu kwa sababu ya vyeo vyake tu. Wapime kama nadharia yake imejaribiwa au inaweza kujaribiwa, kama imechapishwa na kupitiwa na wataalamu wenzake, kama kiwango chake cha makosa kinajulikana, na kama inakubalika katika taaluma husika. Sheria hiyo ni ya Marekani, haimfungi jaji wa Arusha wala wa Mombasa. Lakini maswali yale hayana mpaka, na msomaji wa gazeti anaweza kuyatumia kesho asubuhi.

Swali la tatu ndilo lililonivuta mimi katika taaluma hii, na mfano wake ulio bora tunatembea nao mfukoni. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa Machi 2007, Kenya haikuwa na sheria iliyotungwa kwa ajili ya fedha za kwenye simu. Benki Kuu ya Kenya iliuchunguza mpango ule, kisha ikatoa barua ya kutokuwa na pingamizi. Nyuma ya barua hiyo kulikuwa na sharti ambalo watumiaji wengi hawajawahi kulisikia: kila shilingi inayoonekana kwenye simu ya mteja iwe na shilingi halisi iliyowekwa benki katika akaunti ya amana, mbali na fedha za kampuni. Mtu wa pwani ataielewa fikra hii kupitia wakfu, ambamo anayesimamia nyumba hawi mwenye nyumba. Kampuni inazishika fedha zile kwa niaba ya wateja, na siku ikifilisika, wadai wake hawana haki ya kuzigawana.

Tazama kilichofanyika hapo. Wakati magazeti yakiandika kwamba simu imeitangulia sheria, sheria ya amana, ambayo Waingereza waliijenga kwa karne nyingi kwa ajili ya mashamba na mirathi, ilikuwa tayari imeshajibu swali la hasara. Hilo halikumaliza hofu. Desemba 2008 John Michuki, aliyekuwa akikaimu wizara ya fedha, alitangaza kwamba ameitaka Benki Kuu iikague huduma hiyo, na mwanzoni mwa 2009 serikali ikawatuliza wananchi. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ikatungwa Kenya 2011, na kanuni zake zikatoka 2014. Tanzania ilitunga yake 2015. Sheria hizo mpya hazikuitupa amana. Ziliiandika wazi, zikampa msimamizi mamlaka ya kudai hesabu, na kumtoa mteja katika hali ya kutegemea barua moja.

Pale maswali yote yanapokutana

Ukitaka kuona maswali haya matatu yakifanya kazi kwa pamoja, soma kesi za Huduma Namba. Mwishoni mwa 2018 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya marekebisho ya sheria mbalimbali, aina ile ya sheria inayogusa mambo mengi kidogo kidogo na ambayo watu wachache huisoma. Ndani yake mlikuwa na mabadiliko katika Sheria ya Usajili wa Watu yaliyoanzisha mfumo mmoja wa taifa wa utambulisho, uliojulikana kwa watu kama Huduma Namba, na yaliyoruhusu kukusanya hata vinasaba na mahali hasa mtu anapoishi kwa vipimo vya GPS.

Waliokwenda mahakamani ni pamoja na Nubian Rights Forum. Wanubi wa Kenya, wenye kitovu chao Kibera, kwa miaka mingi wamepitishwa kwenye mchujo maalumu kabla ya kupewa kitambulisho. Hoja yao ilitoka katika maisha hayo: kama huduma zote zitafungwa kwenye namba moja, na namba itategemea karatasi ambazo sisi tunanyimwa au kucheleweshewa, mfumo huu utatutoa nje ya nchi yetu tukiwa ndani yake. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na Kenya Human Rights Commission nazo zilifungua mashauri, na yote yakaunganishwa.

Tarehe 1 Aprili 2019 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda. Serikali iendelee kusajili, lakini isimlazimishe mtu, isichukue vinasaba wala vipimo vya GPS, isiweke siku ya mwisho, na isimnyime mtu huduma kwa sababu hakujiandikisha. Kisha wataalamu wakapanda kizimbani na kuhojiwa kuhusu usanifu wa mfumo: kuna hatari gani kuweka taarifa za watu wote mahali pamoja, alama za vidole zinalinganishwaje, mzee ambaye vidole vyake vimefutwa na jembe atatambuliwaje. Hukumu ya majaji watatu ilitoka 30 Januari 2020. Kukusanya vinasaba na vipimo vya GPS kulitangazwa kuwa kinyume cha Katiba. Mfumo wenyewe uliruhusiwa kuendelea, kwa sharti kwamba kwanza uwepo utaratibu wa kisheria uliokamilika wa kuusimamia.

Kufikia wakati huo Kenya ilikuwa imeshapata Sheria ya Ulinzi wa Data, Novemba 2019. Kifungu chake cha 31 kinataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kushughulikia taarifa kwa namna inayoweza kuhatarisha haki za watu. Serikali ilipoanza kutoa kadi za Huduma mwishoni mwa 2020, Katiba Institute na Profesa Yash Pal Ghai walirudi mahakamani wakauliza tathmini iko wapi. Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Ngaah alitamka kwamba utoaji wa kadi hizo haukuwa halali kwa kuwa tathmini haikufanywa. Mradi wa taifa zima ulikwama kwenye kifungu kimoja, kwa sababu kuna watu waliokisoma.

Kifungu hicho kilirudi tena katika suala la mradi wa Worldcoin. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na mradi huo, na kulipwa tokeni za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takribani shilingi 7,000 za Kenya. Agosti mwaka huo serikali iliisimamisha shughuli hiyo. Wengi walibishana wakisema mtu mzima ana hiari ya kuuza anachotaka. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa zile za kibayometria zifutwe. Tathmini ya athari ilikosekana, na ridhaa iliyovutwa kwa malipo haikuhesabika kuwa ridhaa ambayo sheria inaitaka. Unaweza kutokubaliana na mahakama juu ya hiari ya mtu maskini. Hapo utakuwa umeingia kwenye mjadala mzito na wa kweli, tofauti kabisa na ule wa kusema tu kwamba serikali inaogopa teknolojia.

Kubishana kwa faida

Kuna tabia nne ninazowasihi wanafunzi wangu wazijenge, nami nakusihi wewe pia.

Ya kwanza ni kujua jambo limefika hatua gani. Muswada bado haujawa sheria, na kanuni hutoka kwa waziri, tena zinaweza kubadilika bila Bunge kukutana. Amri ya muda husubiri hukumu, na hukumu huweza kukatiwa rufaa. Mei 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha vifungu 26 vya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao. Wengi wakashangilia kana kwamba sheria imekufa. Februari 2020 mahakama hiyohiyo ilitoa hukumu iliyovirudishia nguvu. Aliyekuwa amesoma kichwa cha habari cha kwanza tu aliishi akiamini kwamba jambo fulani si kosa, wakati linaweza kumpeleka jela.

Ya pili ni kujua sheria ni ya nani. Habari nyingi za teknolojia zinazotufikia zinatoka Marekani na Ulaya, na watu huzitumia kana kwamba zinatufunga. Hukumu ya nje huweza kumshawishi jaji wetu, haimwamuru. Majaji wa Huduma Namba waliuangalia uamuzi wa India wa 2018 kuhusu mfumo wake wa utambulisho, Aadhaar, wakaupima kwa Katiba ya Kenya, hasa ibara ya 31 inayolinda faragha. Tanzania ina ibara yake ya 16, na tangu Mei 2023 ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, pamoja na tume yake. Uganda ilitunga yake 2019, Rwanda 2021. Anza na ya kwenu.

Ya tatu ni kutenganisha kilicho halali na kilicho sawa. Mtu akisema kampuni fulani ina haki kisheria kufanya jambo, hajasema kwamba ni vyema ifanye, na anayelilaani jambo hajathibitisha kwamba ni kosa. Mijadala yote miwili ina heshima yake. Kuupitisha mmoja kwa jina la mwingine ndiko kunakozaa makelele.

Ya nne ni kuiweka hoja ya mwenzako katika sura yake yenye nguvu zaidi kabla ya kuijibu. Katika Huduma Namba, hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Nchi yenye sajili nyingi zisizowasiliana inapoteza fedha kwa wafanyakazi hewa, na inawasumbua raia kwa kuwadai karatasi ileile kila ofisi. Majaji waliichukulia hoja hiyo kwa uzito, ndiyo maana hawakuufuta mfumo. Mwanafunzi anayeisoma hukumu ile akitafuta tu kama upande wake ulishinda hataelewa kwa nini ina masharti.

Naongeza neno kuhusu lugha. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki, huku Kiingereza kikibaki kwa mazingira maalumu. Kwa taaluma yetu hili ni jambo kubwa. Mama lishe aliyekopa kupitia programu ya simu, kisha akaona ujumbe wa kumdhalilisha ukitumwa kwa ndugu zake, alikuwa na haki hata pale sheria ilipokuwa kwa Kiingereza, lakini haki usiyoweza kuisoma ni vigumu kuidai. Asiyekuwepo na lake halipo, na mtu anaweza kuwa ndani ya chumba cha mjadala na bado asiwepo, kwa sababu ya lugha tu. Kila anayeandika uwanja huu kwa Kiswahili kilicho wazi anaongeza idadi ya watu wanaoweza kusimama na kuuliza.

Kazi iliyo mbele

Sehemu kubwa ya kitabu hiki inaangalia yaliyokwisha kuamuliwa, lakini sura za mwisho zinageukia akili mnemba, ambako mengi hayajaamuliwa. Programu inakataa kumpa mtu mkopo na afisa hawezi kueleza sababu. Programu nyingine inasoma picha za eksirei, inakosea, na mgonjwa anadhurika. Mtengenezaji wa programu hiyo yuko bara jingine, muuzaji yuko mjini, na daktari aliyeibonyeza yuko wodini. Ni nani anayebeba hasara?

Mtasikia, nami nimeshasikia, kwamba hapa kweli hakuna sheria. Basi tuanze kusoma. Kifungu cha 35 cha sheria ya Kenya ya ulinzi wa data kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Sheria ya Tanzania nayo inaugusa uamuzi wa aina hiyo. Sheria ya madhara inajua wajibu wa daktari kwa mgonjwa. Sheria ya mkataba itauliza muuzaji aliahidi nini. Kesi ya gurudumu la Buick itamuuliza mtengenezaji kama alikagua kile alichokinunua kwa mwingine kabla ya kukitia jina lake. Ukishayapitia haya yote ndipo utaona pengo la kweli liko wapi. Kwa maoni yangu liko hasa kwenye ushahidi: mgonjwa aliyeumia anatakiwa kuthibitisha kosa lililotokea ndani ya mtambo ambao hana uwezo wa kuufungua, na walio na uwezo huo ndio anaowashtaki. Hapo tunahitaji sheria mpya, itakayomlazimisha mwenye mtambo kutunza kumbukumbu za maamuzi yake na kuzitoa mahakamani zinapohitajika.

Naweza kulitetea pendekezo hilo mbele ya kamati ya Bunge, kwa sababu linataja kilichopo, linaonyesha kinachoishia njiani, na linaomba kitu mahususi. Uwezo huo ndio ninaotaka uondoke nao. Chagua habari moja ya wiki hii, tafuta sheria inayoigusa, isome yote pamoja na tafsiri ya maneno yaliyomo mwanzoni mwake, kisha njoo katika sura ya kwanza ukiwa na swali lako mwenyewe. Karibu sana.